Mipango ya Kisiwa na Umri wa Mgomba: Kumsoma Upya Aniceti Kitereza katika Mjadala wa Maendeleo Endelevu ya Vijijini

Ikisiri

Riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali (1980), imezoeleka kusomwa kama hazina ya mila za Wakerewe. Makala haya yanadai kwamba usomaji huo umeificha hoja kuu ya riwaya, yaani namna jamii ya kisiwani inavyopanga maisha yake kwa muda unaozidi umri wa mtu mmoja. Sehemu ya faini ya pombe inahakikiwa kwa kina. Kisha riwaya inalinganishwa na kazi za Euphrase Kezilahabi na kilimo cha kisiwa cha Ukara, na mjadala unafungamanishwa na visiwa vya Rwanda: Nkombo katika Ziwa Kivu, na Mazane na Sharita katika Ziwa Rweru.

Utangulizi

Dira za maendeleo za nchi zetu zimezoea kupewa majina ya miaka. Rwanda iliandika Dira ya 2020, na sasa inafuata Dira ya 2050. Tanzania Bara ilijiwekea Dira ya 2025. Zanzibar ilianza na Dira ya 2020, nayo imekwisha kuhamia 2050. Mwaka uliowekwa kwenye jalada ni siku ya kufunga hesabu. Anayesoma waraka huo anajua tangu mwanzo ni lini wenye dhamana wataulizwa. Ni desturi yenye manufaa yake, na hatukusudii kuidharau. Hata hivyo, riwaya inayohakikiwa hapa, ambayo kwa maoni yetu nayo ni waraka wa mipango, ilipewa jina kwa njia nyingine kabisa. Jalada lake lina majina ya watu wanne: Myombekere na mkewe Bugonoka, kisha watoto wao, Ntulanalwo na Bulihwali. Msomaji anapoufungua ukurasa wa kwanza, hao wawili wa mwisho hawajazaliwa, na kila dalili inaonyesha kwamba hawatazaliwa.

Makala haya yametokana na darasa. Kwa miaka kadhaa nimeisoma riwaya hii pamoja na wanafunzi wa Kiswahili hapa Kigali, na malalamiko huwa yaleyale: kitabu ni kirefu, mwandishi hawezi kumpitisha mhusika mlangoni bila kutueleza mlango wenyewe ulivyofumwa. Mwaka mmoja, mwanafunzi aliyekulia kwenye migomba alipofika mahali pa kutengeneza pombe ya ndizi alisema kwamba angeweza kuzifuata kurasa zile hatua kwa hatua na jioni ya siku ya mwisho akapata urwagwa wa kunywa. Darasa lilicheka. Mimi nilibaki na kauli ile, kwa sababu iligusa jambo ambalo uhakiki haujaligusa vya kutosha. Kurasa hizo zimeandikwa ili ziweze kufuatwa.

Riwaya iliyogeuzwa makumbusho

Kitereza alizaliwa Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Viktoria, mwaka 1896. Alisomeshwa na wamisionari Wakatoliki na kufanya kazi nao kwa muda mrefu. Riwaya yake aliimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe, lugha ambayo hakuna mchapishaji aliyeona faida ya kuitolea kitabu kikubwa kiasi hicho. Hatimaye yeye mwenyewe aliitafsiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine mzaliwa wa Ukerewe, aliifasiri baadaye kwa Kiingereza kutoka Kikerewe, na tafsiri hiyo ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Tangu mswada ukamilike hadi kitabu kichapishwe ilipita miaka 35, muda mrefu kuliko ule wa dira yoyote kati ya zilizotajwa hapo juu.

Sifa ambayo riwaya hii hupewa mara nyingi ni kwamba ni kamusi elezo ya maisha ya Wakerewe kabla ya wazungu. Mwandishi mwenyewe aliuchangia usomaji huo, kwa kuwa alitaka vijana wasiipoteze lugha na desturi za wazee wao. Upande wa pili wapo wasomaji waliokuja na mizani ya riwaya ya Ulaya, wakakuta msuko umechelewa, matukio ni machache, na maelezo ya kulima, kujenga, kuvua na kupika yanamzuia msomaji kusonga mbele. Wanaosifu na wanaolaumu wanakubaliana katika jambo moja: kwamba maelezo ni kitu kimoja na hadithi ni kitu kingine. Wa kwanza wanayataka maelezo, wa pili wanaitaka hadithi.

Tunadai kwamba mgawanyo huo si sahihi. Katika riwaya hii maelezo ndiyo msuko. Kinachowasukuma wahusika kutoka hali moja hadi nyingine ni swali la kama kazi fulani itakamilika, kwa mikono ya nani, kwa chombo cha nani, na kabla ya msimu gani. Ukiyaondoa maelezo, utabaki na mume na mke waliogombana wakapatana, hadithi ya kurasa kumi. Hakuna mahali jambo hili linapoonekana wazi kuliko katika faini aliyotozwa Myombekere.

Faini ya pombe kama ukaguzi

Kisa chenyewe kinafahamika. Ndoa ya Myombekere na Bugonoka imekaa muda mrefu bila mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke na kumshawishi Myombekere amwache. Wazazi wa Bugonoka wanapochoshwa na matusi hayo wanamchukua binti yao na kurudi naye kwao. Myombekere, ambaye anampenda mkewe kwa namna ambayo ndugu zake hawaielewi, anakwenda ukweni kumwomba. Hafukuzwi, wala hapewi mke. Anatozwa faini ya pombe ya ndizi.

Msomaji wa leo huiona faini hiyo kuwa adhabu ndogo, au hata mzaha. Fedha ingemuumiza zaidi, tunadhani. Lakini tuhesabu pombe inahitaji nini. Inahitaji mikungu mingi iliyokomaa kwa wakati mmoja, maana yake shamba la migomba lililotunzwa kwa miaka. Zinahitajika siku za kuvundika ndizi, majani ya kukamulia, na mtumbwi mkubwa wa mti wa kukamulia ndani yake, ule ambao Kinyarwanda huuita umuvure na ambao si kila nyumba inao. Inahitaji nafaka ya kuchachushia, na nafaka hiyo lazima isagwe, na kusaga ni kazi ya mke, naye mke ndiye aliyeondoka. Mwisho inahitaji vyombo vya kubebea na mabega ya kuibeba hadi ukweni, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kuibeba pombe yote hiyo peke yake.

Mkwe anayedai pombe, basi, anafanya ukaguzi. Anauliza kwanza kama huyu mtu amepanda, na swali hilo linahusu miaka iliyotangulia ugomvi. Mgomba mmoja huzaa mkungu mmoja, ukakatwa, na chipukizi lililo pembeni likashika nafasi. Anayepanda mgomba hapandi mti, anapanda shina litakalozaa baada ya yeye kuusahau mche wa kwanza. Shamba linaloweza kutoa ndizi za pombe nyingi kwa mara moja haliwezi kuundwa baada ya hukumu kutolewa. Mkwe anauliza pia kama huyu mtu ana watu. Mtumbwi wa kukamulia ataazimwa na nani? Nani ataacha shughuli zake akamue naye, na nani atambebea? Kwa muda wote wa maandalizi tunaona ujirani ukipimwa kwa kipimo ambacho hakidanganyi, kwani jirani ama anakuja ama haji. Faini ya fedha isingeuliza lolote kati ya hayo. Mtu mwenye fedha huweza kuwa mpweke, na mpweke si mahali pa kurudisha binti.

Kwa mtazamo huo, urefu wa sehemu hii una sababu. Kitereza haruki hatua hata moja kwa kuwa kila hatua ni mahali ambapo mpango ungeweza kushindwa. Mwandishi wa waraka wa mipango huandika kwamba kaya itawezeshwa kuzalisha. Kitereza anaandika nani alishika upande gani wa mtumbwi.

Kuna jambo jingine katika sehemu hiyo linalostahili kutazamwa kwa utulivu. Bugonoka anapokuwa kwao, Myombekere anaishi maisha ya tabu na fedheha. Anapika mwenyewe, nyumba haina uso, na anajiona akitazamwa. Riwaya inakaa hapo muda mrefu, kwa kejeli ya upole. Bugonoka hakutoa hotuba juu ya kazi za wanawake. Aliondoka tu, na kazi zake zote, ambazo hadi siku hiyo hazikuwa na jina, zikajitokeza moja moja mbele ya mume wake na mbele ya msomaji. Wataalamu wa leo wanatafuta namna ya kuiingiza kazi isiyolipwa katika hesabu za taifa. Riwaya iliyokamilika mwaka 1945 ilikuwa na njia yake: iliiondoa kazi hiyo, kisha ikaonyesha kilichosimama na kilichoanguka.

Baada ya mapatano huja mganga Kibuguma na dawa zake, na hapa tena mwendo ni wa polepole. Mume na mke wote wawili wanatibiwa, jambo ambalo ndugu wa Myombekere hawakulifikiria hata mara moja. Hatimaye anazaliwa Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Majina hayo si ya furaha. La kwanza linaashiria kwamba mtu hutembea na kifo siku zote. La pili linauliza huzuni itakwisha lini. Hapa ndipo mpango wa kisiwa unapofikia kina ambacho sijawahi kukiona katika dira yoyote. Watoto waliotafutwa kwa jasho lote lile wanapewa majina yanayokiri kwamba wanaweza kuondoka. Wazazi hawaahirishi kuishi hadi hatari iishe, wala hawajifanyi kwamba hatari haipo. Wanaiandika ndani ya jina la mtoto, kisha wanaendelea kupalilia.

Yale ambayo Kitereza hakuyaandika

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuifanya Ukerewe ya Kitereza kuwa kioo cha kuwasutia maafisa mipango. Uhakiki wa haki haukubali. Kisiwa cha riwaya hii kimefungwa mno. Mwanahistoria Gerald Hartwig, katika utafiti wake juu ya Wakerewe na biashara ya masafa marefu uliochapishwa mwaka 1976, alionyesha kwamba karne ya 19 Ukerewe haikuwa imejitenga. Ilifanya biashara, pembe za ndovu zikiwemo, na mawasiliano hayo yalileta utajiri kwa wachache, maradhi kwa wengi, na hofu mpya za uchawi. Mengi ya hayo yamefifia katika riwaya. Kisiwa kinaonekana kana kwamba mipaka yake ni maji tu, na kana kwamba linalotoka ng'ambo haliwezi kubadili hesabu za shamba la Myombekere.

Kitereza alizaliwa katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Msomaji ana haki ya kuuliza kama picha ya ujirani ambao mabwana wake hawaonekani sana haitokani na mahali aliposimama mchoraji. Ujirani unaoazimana mtumbwi unaweza pia kuwa ujirani unaomtenga asiye na cha kuazimisha.

Tena mpango unaohesabu kwa vizazi humwonea asiye na kizazi. Riwaya yenyewe inalijua hilo, kwa kuwa mateso ya Bugonoka yanatoka hapo. Lakini suluhisho inalotoa ni kuzaa. Haitupi picha ya mwanamke asiyezaa ambaye anabaki na nafasi yake katika mpango wa kisiwa. Anayetaka kuitumia riwaya hii kama mwongozo wa sera ni lazima akutane na upungufu huo mapema, kabla hajaanza kuisifu.

Mpangaji anayetoka nje

Kiswahili, kwa utani wake, humwita mpangaji yule anayepanga mambo na pia yule aliyepanga nyumba ya mwenzake. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, aliandika riwaya ambazo ndani yake maana hizo mbili zinakutana. Rosa Mistika (1971) inaanzia Namagondo hiyohiyo. Kwa Rosa, maendeleo ni shule, na shule iko ng'ambo ya maji. Safari ya elimu inamtoa kisiwani, na riwaya haimwonyeshi njia ya kurudi akiwa mzima. Katika Gamba la Nyoka (1979) mwelekeo umegeuka: sasa ni mpango unaokuja kwa watu. Mandhari yake ni ujenzi wa vijiji vya ujamaa, ambao tangu agizo la mwaka 1973 ulipewa tarehe ya mwisho, kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji.

Ukizisoma riwaya za Kitereza na Kezilahabi kwa pamoja, tofauti kubwa utakayoiona ni ya muda. Pombe ya Myombekere ina muda wake, na hakuna mkubwa anayeweza kuiamuru ichachuke kabla ya siku yake. Operesheni ya vijiji ina tarehe, na kilicho hai lazima kiifuate tarehe hiyo. Kilichodhaniwa na waliopanga ni kwamba nyumba zikisogezwa, ujirani utafuata. Katika riwaya ya Kitereza nyumba zimetawanyika, hata mtoto hutumwa kwenda kuita, na watu wanakuja. Kuishi karibu na kuwa majirani ni mambo mawili, na ushahidi wa hilo umo katika fasihi ya kisiwa kimoja, umeandikwa na watu wawili wasiofanana hata kidogo kwa tabia ya uandishi.

Kezilahabi hawapambi wanakijiji. Anawacheka kwa woga wao na ubishi wao kama anavyowacheka wasomi wanaorudi na maneno makubwa. Udhaifu wake uko kwingine. Kejeli yake inamwacha msomaji bila mtu hata mmoja ambaye angemkabidhi mche wa mgomba. Nyoka anavua gamba, na tunabaki kujiuliza kama ni nyoka yuleyule, lakini swali la nani atalima kesho asubuhi limepotea katika mabishano. Hapo Kitereza, pamoja na mapungufu yake yote, anamshinda. Ruhumbika, katika Miradi Bubu ya Wazalendo (1992), aliliona pengo hilo kwa njia nyingine: watu wa kawaida wanaojenga nchi kwa jasho lao na kuachwa nje ya matunda yake. Neno bubu katika anwani hiyo linafaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya mipango.

Ukara: hesabu ya mbolea

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya riwaya. Basi tuvuke maji kidogo kaskazini mwa Ukerewe hadi Ukara, kisiwa kidogo ambacho kimewavuta wataalamu wa kilimo tangu zama za ukoloni. D. Thornton na N. V. Rounce walikieleza kilimo chake mwaka 1936, H.-D. Ludwig akakiandikia kitabu kizima mwaka 1967. Walichokikuta ni mfumo wa watu wengi kwenye ardhi chache isiyo na rutuba kubwa, wakiishi juu yake bila kuimaliza. Ng'ombe walifugwa ndani, mbolea ikakusanywa na kubebwa hadi shambani. Marejea yalipandwa ili yafukiwe kama mbolea ya kijani. Uwele ulipokezana na njugu mawe. Kando ya ziwa watu walichimba vishamba vya maji vya kuoteshea majani ya mifugo. Miti ilikuwa na wenyewe, mmoja mmoja, na ikarithiwa.

Kwa afisa mipango, Ukara ni ndoto: maendeleo endelevu yaliyokuwepo kabla ya istilahi yake. Lakini watafiti waliona pia kwamba Wakara waliohamia Ukerewe au bara, mahali penye ardhi ya kutosha, waliuacha mfumo huo. Hawakuwa wamesahau, hawakuwa na sababu ya kubeba mbolea kwa kichwa wakati ardhi mpya ilikuwa hatua chache mbele. Kwa hiyo ujuzi wa Ukara haukuwa mbinu ya kubebwa na kusambazwa kwa semina. Ulikuwa makubaliano kati ya watu waliojua kwamba ardhi haiongezeki na kwamba watakaoirithi wanajulikana kwa majina. Hapa tumerudi kwenye jalada la Kitereza.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora, Ukerewe, kilipinduka karibu na Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Sitaki kuligeuza janga hilo kuwa mfano wa darasani; wapo waliozika familia nzima. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha mpaka wa mpango wa kisiwa. Kisiwa ambacho watu wake walihesabu kila kikapu cha samadi na kila mti kilikuwa kimeunganishwa na soko kwa chombo ambacho hesabu yake haikuwa mikononi mwao. Kitereza alipokifunga kisiwa chake, alijiepusha na swali hilo. Leo hakuna mwenye haki ya kuliepuka.

Nkombo na Rweru

Rwanda haina Ukerewe, lakini ina visiwa vyenye watu. Nkombo, katika Wilaya ya Rusizi, iko Ziwa Kivu karibu na Kongo. Wenyeji wake wanavua na kulima, na pamoja na Kinyarwanda wana lugha yao iliyo jamaa na zile za ng'ambo ya ziwa. Katika Ziwa Rweru, linalogawanywa na mpaka wa Rwanda na Burundi, vilikuwepo visiwa vya Mazane na Sharita, ambavyo wakazi wake walianza kuhamishiwa katika kijiji cha mfano cha Rweru, Wilaya ya Bugesera, mnamo mwaka 2016. Hoja ya serikali katika kuwahamisha ina uzito, na anayeipinga akiwa amekaa Kigali karibu na hospitali ajiulize mara mbili. Mama mwenye uchungu usiku wa upepo, akiwa na mtumbwi tu kati yake na mkunga, hahitaji insha juu ya uzuri wa migomba ya zamani.

Swali ambalo usomaji wetu unaliongeza ni la hesabu inayofanywa kabla ya kuhama na baada yake. Nyumba mpya inahesabika. Ng'ombe anahesabika, umeme pia. Lakini kaya ya Myombekere ilisimama juu ya vitu ambavyo havikuwa vyake: mtumbwi wa jirani, mikono ya jirani, kinywa cha jirani kilichokwenda kumtetea ukweni. Vitu hivyo havihamishwi kwa lori. Ukiwapa watu mia moja kila mmoja nyumba yake iliyokamilika, na usiulize nani alikuwa akimwazima nani nini, umewapa ukaribu na huenda umewanyang'anya ujirani. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa Rweru. Hilo ni la kuchunguzwa na watu wa huko wakiulizwa. Ninasema kwamba fomu zetu za tathmini hazina mahali pa kuliandikia jibu.

Rwanda ina sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili, kwa kuwa msamiati wake wa mipango umechotwa humohumo. Ubudehe ulikuwa kazi ya pamoja ya majirani ya kulima kabla ya mvua. Mwaka 2001 neno hilo likawa jina la mpango wa jamii kujiamulia vipaumbele vyake, jambo lililoheshimu asili yake. Baadaye, katika midomo ya watu wengi, ubudehe ukawa tabaka ambalo kaya imewekwa: wewe uko la ngapi? Neno lililotaja tendo kati ya nyumba na nyumba likageuka kuwa lebo juu ya nyumba moja moja. Mhakiki wa fasihi anayatambua mabadiliko ya aina hiyo haraka kuliko mchumi, maana kazi yake ni kuangalia maneno yanavyohama. Vivyo hivyo imihigo, mikataba ya utendaji iliyoanza mwaka 2006, hupimwa kila mwaka. Mwaka unatosha kujenga darasa. Kwa shamba la migomba, mwaka wa kwanza ni wa kungoja.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi hapa Rwanda, na wajumbe wa mikutano kama huu wamezoea kuuliza lugha hiyo italeta nini. Inaweza kuanza kwa kuleta vitabu vya visiwa. Pendekezo langu kwa watafiti watakaotumwa Nkombo, au watakaorudi Rweru kuangalia maisha yalivyo baada ya miaka hii, ni dogo na halihitaji bajeti. Kabla ya kuuliza kaya ina nini, iulizwe inaazima nini. Umuvure wa kijiji uko kwa nani? Nani aliuchukua mara ya mwisho, kwa shughuli gani, na aliporudisha alikwenda na nani kuubeba?